UZI: Biashara za kijamii za Nairobi zikiuzwa, nani huulizwa?

Mzee_wa_Plot (mwanzisha uzi)

Wadau, habari za mchana.

Leo nataka tuzichambue hizi biashara za kijamii, zile zinazomuuzia huduma mtu wa kipato cha chini na kusema faida kwao ni njia tu, shabaha ni jamii. Vyoo vya kulipia, taa za sola za kulipa kidogo kidogo, majiko ya kupunguza makaa, mikopo midogo, ununuzi wa plastiki. Nairobi zimejaa. Waanzilishi unawakuta kwenye mikahawa ya Ngong Road na Kilimani, nembo zao unazikuta kwenye mabati ya Mukuru, mtaa wa mabanda.

Swali langu ni moja tu: zikipata mnunuzi, nani huulizwa?

Sina chuki nazo. Naandika kwa sababu tuna historia na hatuisomi. Wengi hudhani mambo haya yaliletwa na vijana wa laptopu baada ya M-Pesa kuzinduliwa 2007. Kazuri kule Karen walianza kutengeneza shanga za udongo 1975 wakiwa na kina mama wawili, na mpaka leo wanaajiri wanawake, wengi wao wakilea watoto peke yao. K-Rep ilianza 1984 kama mradi wa kuyasaidia mashirika yaliyokuwa yakikopesha wafanyabiashara wadogo. 1999 ikawa benki. Mwaka huohuo wa 1999, Jamii Bora ikaanzishwa na Ingrid Munro, mama kutoka Uswidi, pamoja na wanawake hamsini waliokuwa wakiombaomba barabarani hapa mjini. Waliweka akiba kwanza, mkopo ukafuata. Habari zao zilizunguka dunia, na zilistahili.

Sasa tazama zilikoishia. Jamii Bora ilichukua benki ndogo iliyoitwa City Finance, na 2010 ikawa Jamii Bora Bank. Agosti 2020 Co-operative Bank ikanunua asilimia 90 ya hisa zake, na leo inaitwa Kingdom Bank. K-Rep nayo: 2014 Centum, kampuni ya uwekezaji, ilinunua hisa za kutosha kuimiliki, 2016 ikabadilishwa jina kuwa Sidian.

Sisemi kuna aliyeiba. Mauzo yalipitia mkono wa Benki Kuu, na benki inayoyumba ikipata mwenye nguvu wa kuishika, akiba za wateja zinapona. Hilo ni jema. Lakini benki huuzwa na wenye hisa, kila mmoja kwa uzito wa hisa zake. Mwenye akiba hapigi kura. Kazi iliyoanzia kwa waombaji wa barabarani ilifika mahali ambapo uamuzi mkubwa kuliko yote uliamuliwa na watu wa aina nyingine kabisa, na hakuna sheria iliyovunjwa. Ni utaratibu wenyewe ulivyojengwa.

Hapo ndipo sosholojia inapoingia, wadau. Mwanauchumi atauliza: je, huduma imefika? Bei ni nafuu? Mwanasosholojia atauliza uhusiano gani umezaliwa kati ya anayetoa na anayepokea: nani amekuwa bosi, nani mteja, nani wakala, nani picha ya ripoti ya mwaka.

Kuna mila mbili za biashara hizi duniani na tumezichanganya. Mila ya Ulaya ilitoka kwenye ushirika. Italia walipitisha sheria ya ushirika wa kijamii 1991: wafanyakazi, watumiaji wa huduma na wanaojitolea wote wanaweza kuwa wanachama, na kwenye ule ushirika wa kuwapa kazi waliotengwa, angalau asilimia 30 ya wafanyakazi lazima wawe wao hao waliotengwa. Uingereza tangu 2005 wana aina ya kampuni ambayo mali yake imefungwa kisheria isigawanwe na wenye kampuni. Mila ya Marekani ikamweka mbele mtu mmoja shupavu mwenye wazo. Ashoka, shirika la Bill Drayton lililoanza 1980, ndilo lililoisambaza zaidi kwa kuwatafuta watu wa namna hiyo na kuwashika mkono. Yunus wa Bangladesh, mwanzilishi wa Grameen, benki ya kuwakopesha maskini, yuko njia ya kati. Grameen ilipokuwa benki 1983, wakopaji wenyewe walipewa sehemu ya hisa, na baada ya miaka michache wakawa ndio wenye hisa nyingi. Hii habari ya hisa husahaulika sana. Walioiga Grameen huku kwetu waliiga vikundi vya kudhaminiana na wakaacha hisa.

Kenya tuliletewa zaidi ile ya shujaa. Ina mashindano yake, tuzo zake, jukwaa lake na kipaza sauti cha shavuni.

Nancy Fraser, mwanafalsafa wa Marekani, huipima haki kwa mambo matatu: mgao, kutambuliwa na sauti. Kwenye mgao biashara hizi zina la kujivunia, nisiwanyime haki yao. Kutambuliwa kuna utata: wewe ambaye kila siku unanunua, unalipa, unauza, unazoa, unaandikwa kwenye vitabu vyao kama "mnufaika". Kwenye sauti ndiko kuna shimo. Onyesheni kampuni ambayo mama wa Mukuru ana kiti kwenye bodi na kura ya kuzuia bei isipande. Wapo wachache, na nitawataja wale ninaowajua.

Halafu kuna Katiba. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya usafi wa kiwango kinachofaa na maji safi na salama ya kutosha. Mtungi wa lita 20 ukiuzwa shilingi 5, mita moja ya ujazo ya maji inakugharimu shilingi 250. Uliza mtu mwenye mita ya kaunti Lavington analipa ngapi kwa kiasi hichohicho uone aibu. Yaani maskini ndiye anayenunua maji ghali kuliko wote mjini, na hilo halikuanzishwa na biashara za kijamii, lilikuwepo kwa sababu ya makateli na mabomba ambayo kaunti haikuyafikisha. Biashara ya kijamii inakuja na kuyauza maji hayo kwa bei ya chini kidogo. Tunashukuru. Ila mtu aliyekuwa raia mwenye dai kwa kaunti anageuka kuwa mteja mwenye nambari ya simu ya malalamiko.

Naweka nukta hapa, wengine mwongeze.

---

mhasibu254

Mzee nimekusoma mpaka mwisho na nakubali nusu. Nusu nyingine ni nadharia ya mtu aliyeshiba.

Chukua vyoo. Kabla ya Fresh Life, wale wa vyoo vya kontena, kuingia Mukuru 2011, watu walikuwa wanajisaidia kwenye juala usiku na kulirusha juu ya mabati. Hakuna asiyejua. Kaunti haikuleta mfereji wa majitaka, mpaka leo sehemu kubwa haujafika. Hawa wakaja na choo chenye kontena, kinabebwa kikijaa, uchafu unaenda kutengenezwa mbolea na lishe ya mifugo kwa kutumia funza wa nzi weusi. Waanzilishi walitoka chuo cha MIT kule Marekani, sawa, si watoto wa Kwa Reuben pale Mukuru. Lakini je, choo kinanuka kidogo kwa sababu mwanzilishi ni wa nyumbani?

Kubeba kontena kila siku kwenye vichochoro ambavyo hata mkokoteni unapita kwa shida, kisha lori, kisha kiwanda, ni gharama ambayo shilingi tano za mtumiaji hazifiki hata karibu. Lazima mtaji utoke mahali. Mwenye mtaji atataka sauti. Hii ni hesabu, haina itikadi.

Na ushirika unaousifu tunaujua. KUSCCO ilikuwa muungano wa sacco, kura kila mahali, wajumbe, mikutano mikuu, chai na mandazi. Ukaguzi uliotangazwa 2025 ukaonyesha pengo la zaidi ya shilingi bilioni 13. Kura zilisaidia nini?

---

mama_wawili

Naomba niseme kuhusu hivi vikundi vya kudhaminiana, maana wengi mnaviandika mkiwa nje.

Mimi nilikuwa kwenye kimoja Huruma. Taasisi siitaji. Tulikuwa tunakutana Alhamisi ukumbi wa kanisa, afisa wa mikopo anakuja na karatasi zake. Kila mtu analeta marejesho. Mmoja akipungukiwa, hatutoki. Tunakaa hapo, watoto wanatoka shule wanatukuta hapo, hadi pesa ijae. Afisa hana haja ya kupiga kelele, anakaa tu anaangalia simu yake. Sisi ndio tunaopigiana kelele.

Kuna mwenzetu aliyekuwa anauza omena, mume akaugua, akakosa mara mbili mfululizo. Akiba yetu ikakatwa kumlipia. Mara ya tatu viongozi wa kikundi wakasema twende kwake. Tukaenda. Tulitoa meko ya gesi, televisheni na kochi moja, tukavipanga kwa veranda ya keretaka, yeye amesimama mlangoni na mtoto mgongoni anatuambia "chukueni tu". Huyu ni mtu aliyenipikia nilipojifungua wa pili.

Afisa hakuwepo siku hiyo. Huwa hawapo. Kwenye vitabu vyao inaandikwa marejesho ni asilimia juu ya tisini na kitu, wanapewa pesa zaidi.

Mzee umesema uhusiano gani umezaliwa. Ndio huo. Mimi na yeye tukipatana Githurai sokoni kila mtu anageukia upande wake.

---

Mzee_wa_Plot

Dada mama_wawili, asante, na pole. Umesema kwa aya chache nilichokuwa nakizunguka.

Wadau, someni tena hapo aliposema afisa anaangalia simu yake. Chama chetu cha kawaida, cha kuzungusha pesa, kina nguvu moja: watu wanaogopa aibu mbele ya wenzao, na wenzao hao hao ndio wanaojua lini mtu aongezewe muda. Mume akiugua, chama kinakaa, kinasema huyu asubiri, zamu yake isogezwe, na mfuko wa matanga au hospitali unafunguliwa. Taasisi ilichukua ile aibu ikaacha huruma. Ikapata wakusanyaji madeni ambao haiwalipi mshahara. Ukitaka kuiweka kwa lugha ya vitabu, mshikamano wa majirani umegeuzwa dhamana ya mkopo. Gharama ya kupotea kwa ule urafiki haimo kwenye hesabu za mtu yeyote.

Linganisha na Muungano wa Wanavijiji, shirika la wakazi wa mitaa ya mabanda. Walianza 1996 wakati mitaa inabomolewa na viwanja vinagawanwa usiku. Nao wana vikundi vya akiba, wana daftari, wana mweka hazina. Lakini akiba pale ilikuwa sababu ya kuwakutanisha watu ili wazungumze ardhi. Daftari la akiba likazaa daftari la nyumba, nani anaishi wapi, analipa kodi ngapi, maji bei gani. Zile hesabu, pamoja na utafiti uliofanywa na vyuo, ndizo zilizosukuma kaunti itangaze Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango Agosti 2017. Benchi ni zilezile, kina mama ni walewale, wa kundi moja wanatoka mkutanoni wakiogopana na wa lingine wanatoka wakielekea City Hall.

Sasa kwako mhasibu. Mambo matatu, nitakwenda haraka kwa mawili.

Choo ni choo, nakubali, na juala si haki ya mtu. Sijasema vyoo viondolewe.

Mtaji lazima utoke mahali, nakubali pia. Ila umejijibu mwenyewe. Kama shilingi tano haziwezi kulipia ubebaji, basi hii haikuwa biashara tangu mwanzo. Ni huduma ya umma inayofanywa na kampuni kwa pesa za wafadhili. Wenyewe walio kwenye kazi ya vyoo vya kontena wamekuwa wakisema hadharani kwamba bila pesa ya umma haiwezekani. Nawaheshimu kwa kusema hivyo. Lakini ikishakuwa huduma ya umma, maswali ya umma yanaifuata: nani aliidhinisha bei, hesabu ziko wapi, mlalamikaji anaenda wapi. Familia ya watu watano, kila mtu mara moja tu kwa siku kwa shilingi tano, ni shilingi 750 kwa mwezi. Kwa mtu wa kibarua cha Industrial Area hiyo ni pesa ya unga. Anayeamua iwe tano au kumi ana mamlaka juu ya tumbo la mtu, na hakuchaguliwa.

La KUSCCO ndilo zito na sitalikimbia. Ni kweli kura haikuzuia. Tazama lakini kura zilikuwa za nani. Ule ulikuwa muungano wa vyama: mwalimu au askari mwenye akiba yake kwenye sacco hakuwa mpigakura huko juu, alikuwa na mjumbe wa mjumbe. Ngazi zikizidi, mwenye pesa yake anakuwa mbali na daftari sawasawa na yule mama mwenye akiba yake Jamii Bora. Halafu hesabu zilipambwa miaka mingi na kusomwa mbele ya watu waliopigwa na usingizi wa baada ya chakula. Kura bila daftari ni mapambo. Lakini mhasibu, dawa ya kura mbovu kwako ni nini, kutokuwa na kura?

---

Wakala_Mstaafu

Hamjasema kuhusu mawakala. Nilikuwa wakala wa kampuni ya vifaa vya sola, siitaji. Kwenye mikutano tunaitwa "wajasiriamali wadogo". Hakuna mshahara, ni kamisheni. Nauli yangu, simu yangu, bando yangu. Nikimwingiza mteja, akilipa deposito nalipwa kidogo, na sehemu ya kamisheni inategemea aendelee kulipa kila siku. Asipolipa taa inazimwa kutoka ofisini. Sasa taa ikizimwa, anayegongewa mlango saa mbili usiku ni nani? Mimi ndiye ninayekaa naye plot moja.

Hatari ya biashara yao waliiweka mgongoni kwangu kisha wakanipiga picha nikiwa na fulana.

Ila nisidanganye, taa ilisaidia. Koroboi haikurudi kwetu.

---

mhasibu254

Mzee, dawa yangu ni udhibiti. Kampuni ziachwe zifanye kazi, serikali iweke sheria. Wakopeshaji wa simu walikuwa wanatusumbua hadi kupigia wakwe zetu simu kudai madeni. Sheria ya Benki Kuu ikarekebishwa 2021, kanuni zikaja 2022, wakatakiwa leseni. Hatukuhitaji kila mkopaji apewe kiti kwenye bodi.

---

Mzee_wa_Plot

Nalikubali hilo bila ubishi, na hata kwa vyoo na maji lingesaidia. Udhibiti unazuia ubaya. Haumpi mtu umiliki.

Na kuna mahali udhibiti haufiki kwa sababu mdhibiti mwenyewe ndiye tatizo. Oktoba na Novemba 2021 tingatinga ziliingia Mukuru kwa Njenga, maelfu ya nyumba zikaenda chini kupisha barabara. Baada ya mafuriko ya 2024, zikapita kandokando ya mto Mathare na Mukuru kwa jina la usalama wa mito. Kila nyumba iliyobomolewa ilikuwa na mteja wa mtu: mteja wa choo, mteja wa sola, mteja wa mkopo. Kampuni inayotegemea leseni ya kaunti na mikutano mizuri na wizara itasema nini? Itasikitika. Nayaelewa mazingira yake, simlaumu meneja. Lakini shirika la watu wenyewe halina anasa ya kusikitika tu, kwa kuwa waliobomolewa ndio wenye shirika.

Niliahidi kutaja mifano. Nendeni Kibera mkaone vile vituo vya gesi ya choo vilivyojengwa na Umande Trust na vikundi vya hapohapo. Chini ya ardhi kuna tangi la duara ambamo uchafu unaoza na kutoa gesi. Ghorofa ya chini kuna vyoo na bafu, juu kuna ukumbi au ofisi za kukodisha. Gesi inapikiwa. Kikundi ndicho kinachosimamia na kugawana kinachobaki.

Usidhani ni peponi. Nilikaa kwenye mkutano wa kikundi kimoja cha aina hii (si lazima niseme kipi). Mlangoni kuna mama anakaa na karatasi za chooni amezikata tayari, sarafu anaziweka kwenye kopo la Kasuku, na kila jioni anaandika kwenye daftari la kurasa mia mbili: wakubwa, watoto, bafu. Watoto wa shule hawalipi asubuhi. Ugomvi wa siku hiyo ulikuwa huo hasa: mwenyekiti anataka watoto walipe, bei ya maji imepanda. Walibishana mpaka jua likazama. Mzee mmoja akasema watoto wakilipishwa watarudi mtoni, na harufu itamrudia mwenyekiti mwenyewe maana nyumba yake ndiyo iko karibu na mto. Watu wakacheka, kura ikapigwa kwa mikono, watoto wakaachwa. Wakakubaliana bafu iongezwe bei. Mwenyekiti alinuna.

Mhasibu, huo mkutano ndio ninaouzungumzia. Ulichelewesha uamuzi, haukuwa na mtaalamu, na mama wa mlangoni, ambaye ndiye anayejua hesabu kuliko wote, alisikilizwa kwanza. Kwenye kampuni, bei ya choo cha watoto ingeamuliwa kwa jedwali la kompyuta, pengine kwa uamuzi huohuo! Lakini yule mama asingekuwa mle ndani.

---

KijanaWaDandora

Wazee wetu shikamooni. Mimi swali langu ni la vitendo. Tuko vijana tunaozoa taka nyumba kwa nyumba Dandora na kuchagua plastiki. Kuna mwekezaji anataka tusajili kampuni, yeye achukue asilimia 40, sisi tubaki na 60, atuletee mashine ya kusaga na mizani ya kisasa. Anasema ni biashara ya kijamii. Nusu yetu wanataka kesho. Mnasemaje?

---

Wakili_wa_Mtaani

Marahaba kijana. Nimekuwa nasoma kimya, hapa naweza kusaidia.

Kwanza ujue Kenya hatuna sheria ya biashara ya kijamii kama chombo cha peke yake. Mtu akikwambia "ni biashara ya kijamii" hajakwambia kitu kisheria. Muulize imesajiliwa kama nini. Inaweza kuwa kampuni ya hisa ya kawaida chini ya sheria ya kampuni ya 2015. Inaweza kuwa kampuni isiyo na hisa, ya wanachama kudhamini kiasi fulani tu. Inaweza kuwa shirika la manufaa ya umma chini ya sheria ya PBO, ile ya 2013 iliyokaa kabatini hadi Mei 2024. Inaweza kuwa kikundi cha jamii chini ya sheria ya 2022, au chama cha ushirika. Kila moja ina jibu lake kwa swali la Mzee.

Kuhusu 60 kwa 40. Inaonekana mna nguvu, ila angalia. Azimio la kawaida mtalipitisha. Azimio maalumu, kama la kubadilisha katiba ya kampuni, linataka asilimia 75 ya kura. Mwenye 40 anaweza kulizuia milele. Ninyi pia mnaweza kumzuia yeye, kwa sasa. Kisha mwaka wa pili kampuni inahitaji pesa. Tuseme hisa zilikuwa 100, zenu 60. Zinatolewa mpya 100, ninyi hamna kitu, yeye anazinunua zote. Sasa mna 60 katika 200. Hiyo ni asilimia 30. Hakuna aliyewadhulumu, mlikuwepo kwenye mkutano na mlipiga makofi.

Chama cha ushirika kinataka watu kumi au zaidi, mwanachama mmoja kura moja, awe na hisa nyingi au chache. Sura ya 490, sheria ya vyama vya ushirika, ilikataza mtu mmoja kushika zaidi ya moja kwa tano ya hisa. Mwekezaji hatakipenda, na ndiyo sababu. Njia ya katikati ambayo nimeona ikifanya kazi: sajilini ushirika wenu kwanza, kisha ushirika ndio uwe mwenye zile 60 kwenye kampuni, hisa zisiwe za mtu mmoja mmoja. La sivyo, mwenzenu mmoja akibanwa na kodi ya nyumba atauza zake kimyakimya.

Andikeni pia: hisa mpya zisitolewe bila ridhaa ya ushirika kwa maandishi, mwekezaji akiondoka, ninyi mpewe nafasi ya kwanza ya kununua, mashine ikitoka Dandora, mkataba umevunjika.

---

Mzee_wa_Plot

Wakili, nimeinama. Ungeandika uzi huu wewe.

Kijana, niongeze moja. Jaa la Dandora lilifunguliwa katikati ya miaka ya 1970 na likatangazwa kuwa limejaa 2001. Miaka yote hiyo mliokuwa mnachagua pale mliitwa chokora. Sasa kuna sheria ya taka ya 2022 na kanuni za 2024 zinazowataka watengenezaji wa bidhaa wagharamie taka zinazotokana na bidhaa zao. Pesa itaanza kuteremka kuja upande wenu, ndiyo maana unaona wageni wenye mizani. Haitateremka kwa mtu binafsi mwenye gunia. Itateremka kwa aliyesajiliwa, mwenye hesabu na akaunti. Mkiwa na chombo chenu, mwekezaji anakuja kama mshirika. Msipokuwa nacho, mtahesabiwa kama mali ghafi.

Na mizani, msiikubali kabla ya kujua nani anaipima na kuihakiki. Pale jaani kila mtu anajua kilo ya asubuhi na kilo ya jioni hazilingani.

---

mhasibu254

Kijana, nikusaidie bure: kabla hamjaketi na huyo mtu andikeni thamani ya mnachokileta. Nyumba mnazozoa ni ngapi, zinalipa ngapi kwa mwezi, zipi hazilipi. Hiyo orodha ya wateja ni mali. Msipoiwekea bei, yeye ataiweka sifuri na mashine yake ataiandika bei ya dukani. Mzee atanicheka, lakini hapa tunasema kitu kimoja.

---

Mzee_wa_Plot

Sicheki. Njoo Dandora uwakague vitabu, chai ni juu yangu.

---

KijanaWaDandora

Asanteni sana wazee. Tumekaa jioni hii, kumi na mmoja tumekubali ushirika, wanne wanasema tunachelewesha riziki. Tumeanza kuandika mali. Mikokoteni miwili ni ya kikundi, wa tatu ni wa mwenzetu mmoja na anasema asipolipwa kwanza hauingii kwenye orodha. Bei bado tunabishana, yeye anataka ya mpya na gurudumu moja limepinda. Mhasibu nimekutumia ujumbe, kama unaweza kuja Jumamosi kabla ya saa nne, baada ya hapo malori yanaanza kuingia.